Sauti Yangu, Pumzi Yake

Jerotich alishuka Nakuru mchana, begi moja mkononi, na jambo la kwanza alilofanya ni kununua mafuta ya midomo. Baridi ya Kuresoi ilikuwa imempasua midomo, naye hakutaka Hanif amwone hivyo. Alisimama mbele ya kioo cha duka karibu na soko, akajipaka, akajigeuza huku na huku, kisha akajichekea kama mtu aliye na habari tamu na hajui amwambie nani kwanza.

Na habari zenyewe hazikuwa tamu hata kidogo. Baba yake alikuwa amemfukuza nyumbani.

Alikuwa amekwenda Kuresoi kumwambia mzee Kimaiyo kwamba amepata mtu wa kumwoa, na kwamba mtu huyo anaitwa Hanif, Mwislamu wa mjini, mwana wa pekee wa Bi Mboni mwenye duka la vitambaa. Mzee hakupiga kelele siku ile. Aliendelea kuchagua viazi vya mbegu, vizuri huku, vibovu kule.

"Huyo kijana atakuja kanisani kwetu?" aliuliza.

"Hapana, Baba."

"Basi wewe ndiye utakwenda kwao."

"Hatujafika hapo bado."

"Mmefika wapi, basi, wakati huu wote?"

Wakavutana hivyo wiki baada ya wiki. Shangazi wakaitwa, mchungaji akaitwa, wakaomba, wakanywa chai, wakaondoka. Jerotich hakulegea. Mwishowe mzee alilitoa begi lake mwenyewe, akaliweka nje kwenye nyasi zenye umande.

"Umechagua," alisema. "Ukivuka lango hilo, usiniite baba. Hata kwa simu usiniite."

Jerotich alivuka. Alilia mpaka Molo. Alipofika Molo akajifuta uso, akajiambia kwamba mtu aliyepoteza baba kwa ajili ya mume hajapoteza kila kitu. Hanif yupo. Hanif alikuwa ameahidi.

Walikuwa wamejuana studioni. Jerotich alikuwa msomaji wa vitabu vya kusikiliza, vile ambavyo watu huviweka kwenye simu wakipika au wakisafiri, na Hanif ndiye aliyemrekodi na kuzisafisha rekodi. Studio yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani kule Milimani, mabati mekundu, ukumbi wenye viti vya miti, na ndani chumba kidogo cha kusomea kilichozibwa kwa mablanketi na magodoro ili honi na jogoo wa jirani wasiingie kwenye kitabu.

Jerotich alikuwa na pumu tangu utotoni. Kila alipotaka kuanza sentensi ndefu, pumzi yake iliingia ikiwa na mluzi mwembamba ndani yake. Shuleni wenzake wa bwenini walimrushia viatu ili wapate kulala. Studio ya kwanza aliyofanyia kazi ilimwambia ageuze uso pembeni anapovuta hewa, na alipogeuka, wakamwambia sauti inapotea. Hanif peke yake hakulalamika. Siku ile ya kwanza alivua hedifoni, akamtazama kupitia kioo kilichotenganisha chumba cha kusomea na meza yake ya kazi.

"Pumzi zako sizikati," alimwambia.

"Zinasikika vibaya."

"Nikizikata nitabaki na maneno. Maneno hata redio inayo."

Tangu hapo alikuwa akimwambia mambo ambayo Jerotich hakuwahi kudhani mwanamume anaweza kuyajua. Kwamba alijua kwa pumzi tu siku aliyokuja bila kula. Kwamba akikasirika hewa huingia kwa pua, na akimkumbuka mama yake aliyekufa huingia kwa mdomo. Msichana aliyerushiwa viatu kwa sababu ya kupumua, akiambiwa maneno kama hayo, anafanya nini? Alimpenda. Alimpenda mpaka akawa anafika kazini mapema ili asikie funguo zake zikifungua mlango.

Na siku ya mwisho kabla hajakwenda Kuresoi, Hanif alimwomba amsomee sentensi nyingi zisizotoka kwenye kitabu chochote. Alisema ni za kupimia maikrofoni mpya. Kulikuwa na za hasira, za maswali, za mtu anayecheka, za mtu aliyeshtuka. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na kupitia kioo alikuwa akimwona Hanif ameegemeza kidevu mkononi, haondoi macho kwake.

"Sasa sema nakupenda," alimwambia.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu unayeogopa kumpoteza."

Jerotich alisema. Hanif akamwomba aseme tena, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Tena, kama mtu anayeagana. Tena, kwa kunong'ona. Akasema mpaka akaanza kucheka, na Hanif akavua hedifoni, akaingia chumbani humo, akambusu kwenye paji la uso bila neno. Huko Kuresoi, kila baba yake alipomfokea, Jerotich alikuwa akijishika hapo kwenye paji la uso. Hata simu za Hanif zilipoanza kuwa fupi, kisha zikawa ujumbe, kisha zikawa kimya, alilaumu mtandao. Kwao ni nyuma ya kilima.

Sasa alikuwa amesimama langoni mwa studio, midomo inang'aa.

Trizah, msichana wa mapokezi, ndiye aliyemwona kwanza. Alitoka mbio nyuma ya meza yake, viatu vikamponyoka.

"Woi, Jero! Malkia mwenyewe! Umekonda lakini. Huko kwenu hawapiki?" Akamkumbatia, akamsukuma nyuma amtazame vizuri. "Aki umetumaliza na hicho kitabu. Nimelia mpaka wanja ukaisha."

"Kitabu gani?"

"Si cha yule mjane? Nimekisikiza chote wikendi nikifua."

Jerotich alicheka. "Trizah, kitabu hicho nilikiacha katikati."

"Katikati gani? Kimebaki ukurasa mmoja tu, wa mwisho, Hanif anasema unamsumbua. Kampuni ya Nairobi imekipenda sana. Hebu sikiza mwenyewe."

Akampa simu yake na vile visikizio vidogo vya masikioni. Jerotich akavivaa akiwa bado anatabasamu, akidhani Trizah amechanganya vitabu.

Ilikuwa sauti yake. Haikuwa inayofanana na yake, ilikuwa yake kabisa, na ile r yake ya Kuresoi ambayo mwalimu wa Kiswahili hakuweza kumtoa. Ilikuwa inasoma habari za mtoto mwenye homa na mama anayemkanda kwa maji. Jerotich hakuwahi kuyaona maneno hayo maishani mwake. Alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza. Ni kama mtu kuonyeshwa picha yake akiwa kwenye sherehe ambayo hakwenda.

Kisha sentensi ikaisha, na kabla ya nyingine kuanza, ikaja pumzi.

Ilikuwa fupi, safi, nyepesi. Mwishoni ilikwama kidogo, kama mtu anayetaka kucheka akajizuia. Haikuwa na mluzi.

Jerotich alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena.

"Hii pumzi si yangu," alisema.

"Pumzi?" Trizah alikunja uso. "Pumzi ni pumzi, Jero."

"Sauti ni yangu, na sijui imetoka wapi. Lakini anayepumua ni mwanamke mwingine."

Trizah alikuwa na uso usioweza kuficha kitu. Furaha yote ilimtoka palepale. Alichukua simu yake, akaanza kuzungusha nyaya za visikizio kidoleni, macho chini.

"Trizah. Ni nani?"

"Mimi ni wa kushika simu na kufungua lango. Muulize mwenyewe."

Hanif alikuwa mezani pake, mgongo kwa mlango. Aliposikia begi likitua sakafuni aligeuka, na kwa muda mfupi sana uso wake ulifanya kile ambacho Jerotich alikuwa amekiota njia nzima: ulifunguka. Kisha ukafungwa.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

Hakusimama. Ndevu zake zilikuwa zimechongwa vizuri kuliko zamani, na shati lilikuwa jipya.

"Umekonda."

"Kila mtu ananiambia. Hanif, nani anapumua ndani ya sauti yangu?"

Angeweza kuuliza, pumzi gani? Angeweza kucheka, aseme unaota. Hakuuliza. Alitazama mlango uliokuwa wazi, kisha ukumbi nje.

"Ingia humo ndani ukae," alisema akionyesha chumba cha kusomea. "Watu wasisikie."

Jerotich aliingia, akakaa kwenye kiti chake mbele ya maikrofoni, kwa mazoea. Hanif akafunga mlango, akarudi mezani kwake. Wakawa wanatazamana kupitia kioo, na sauti ya Hanif ikawa inatoka kwenye spika ndogo ukutani, kama siku zote za kazi.

"Kampuni ilikitaka kitabu haraka," alianza. "Wewe hukuwepo."

"Ungeniita."

"Ulikuwa kwenu. Halafu wao wenyewe wakasema siku hizi kompyuta inaweza kujifunza sauti ya mtu. Inahitaji sentensi tu, nzuri, za kila aina."

"Za kupima maikrofoni."

Hanif alishusha macho mezani.

"Endelea," Jerotich alisema. "Nasikiliza."

"Ikajifunza. Ikasoma kitabu kizima siku moja. Lakini haikuwa na pumzi. Watu tuliowapa waijaribu walisema inawachosha, wanajikuta wao wenyewe wamebana pumzi wakingoja msomaji apumue. Kampuni ikataka tuweke pumzi."

"Ungeweka zangu. Unazo nyingi."

"Niliweka."

"Wakasema?"

"Wakasema msomaji ni mgonjwa."

"Na wewe ukasema nini?"

Hanif aliokota kalamu, akaiweka. "Nikasema ni kweli."

Jerotich alihisi kifua kikianza kumbana, taratibu, kama mtu anayefungwa kanga kiunoni. "Si uliniambia unazipenda?"

"Nilizipenda, Jero. Nilipokuwa nakupenda nilipenda kila kitu."

"Ulipokuwa."

"Nimekosea kusema."

"Hujakosea. Wewe hukosei maneno. Ulipokuwa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anaitwa nani?"

"Najwa. Mama ndiye aliyemtafuta, ni watu wa nyumbani kwao. Posa imekwenda. Alikuja hapa siku moja kuniletea chakula, nikamwomba apumue kwenye maikrofoni. Haikuchukua muda."

"Alikaa kwa kiti hiki?"

"Kiti ni cha studio, Jero."

Kwa mara ya kwanza Jerotich alitazama chini, kama angeweza kuona alama ya mwanamke mwingine kwenye kitambaa. Kisha akasema jambo alilokuwa amelibeba tangu asubuhi akidhani ni zawadi.

"Baba amenifukuza. Alisema nichague. Nikakuchagua."

Nyuma ya kioo, Hanif alifumba macho.

"Ungenipigia kwanza," alisema.

"Nikuambie nini? Ulishasema utanioa!"

"Nilisema nitaongea na Mama. Niliongea naye. Alikaa siku nzima hajatia kitu mdomoni. Mimi ni mtoto wake mmoja, Jero, hana mwingine. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Mimi? Mimi nimefanya! Nyumbani kwetu hakuna mlango tena, Hanif. Unaniuliza ningefanya nini?"

Jerotich aliinamia maikrofoni bila kujua, karibu kuigusa kwa midomo.

"Siku ile uliniambia niseme nakupenda. Kama anayeamka. Kama anayeagana. Ulikuwa ushajua?"

Hanif aliigeuza ile kalamu mezani.

"Posa haikuwa imekwenda bado," Hanif alisema.

"Ulikuwa ushajua?"

"Nilikuwa najua."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa heshima, wala kwa kujifunika uso kama alivyolia njiani. Ilitoka chini kabisa, na pumu ikatoka nayo, kila kwikwi na mluzi wake, kila mluzi unakata kwikwi nyingine, mpaka akashika kingo za kiti kwa mikono miwili ili asianguke. Alingoja mlango ufunguliwe. Alijua Hanif atakuja; hata kama hampendi tena, mtu huja tu kwa mtu anayekosa hewa. Mlango haukufunguliwa. Alipoinua macho, alimwona Hanif ameketi vilevile, mkono mmoja juu ya meza, uso umepauka, anamtazama.

Na juu ya kioo, taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka.

Alihitaji muda kuelewa, kwa sababu alikuwa ameizoea. Taa ile iliwaka kila alipofanya kazi.

"Unanirekodi?"

"Jero, nisikilize..."

"Unanirekodi, Hanif?"

"Ni ukurasa wa mwisho." Sauti yake kwenye spika ilikuwa inatetemeka. "Mjane analetewa koti la mumewe. Mashine haijui kulia. Nimejaribu kila njia, inalia kama inacheka. Ulipoanza... mkono ulikwenda wenyewe."

"Mwambie Najwa alie."

"Najwa hajui kulia hivyo. Hajawahi kupoteza kitu."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo la kazi. Nadhani hata hakujua alichokisema. Jerotich alifunga mdomo. Alibana pumzi, kifua kinamwaka moto, macho yamemtoka, akainuka, akatembea mpaka mlangoni bila kutoa hata mlio mmoja. Hakumpa chochote zaidi. Alipita karibu na meza yake akiwa amejibana hivyo, akatoka, na ndipo huko koridoni akaegemea ukuta na kupumua kama mtu aliyetolewa majini.

Ukumbini kulikuwa na watu. Bi Mboni alikuwa ameketi kwenye kiti cha mti, buibui limetandazwa vizuri magotini, kikapu cha chakula miguuni pake. Kando yake alisimama msichana mwembamba mwenye hina mkononi. Trizah alikuwa amejificha nyuma ya meza yake.

"Ni binti yule?" Bi Mboni aliuliza, akikaza macho yake yaliyofifia. "Njoo mwanangu. Njoo ukae, unywe chai."

Malezi ni kitu kigumu. Jerotich, akiwa katika hali ile, alisimama akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na safari. Nyumbani hawajambo? Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Alhamdulillahi." Bi Mboni alijifuta mdomo kwa leso. "Usinione mbaya, mwanangu. Sina ubaya na wewe. Sauti yako naipenda, wallahi. Macho yangu hayasomi tena, na jioni Hanif huniwekea nikusikilize mpaka usingizi unichukue. Nilimwambia, mwanangu, sauti ya binti huyu ibaki. Yeye mwenyewe aende kwao, akaolewe na watu wake. Nilidhani ni maneno ya kizee tu. Kumbe Mungu amesaidia, imewezekana."

Alisema hayo akiwa anatabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli.

Msichana wa hina alivuta pumzi ili aseme kitu. Ilikuwa fupi, safi, na mwishoni ikakwama kidogo.

"Dada," alisema. "Usinichukie."

"Wewe ndiye Najwa."

"Mimi ndiye. Hanif aliniambia habari zako. Nilimwambia sitaki kuolewa kwa siri za watu."

"Alikuambia nini?"

Najwa alimtazama Bi Mboni, kisha sakafu. "Kwamba ulimpenda sana."

"Na yeye?"

"Alisema alikuonea huruma. Kwa sababu ya kifua."

Trizah alitoa sauti ndogo kule nyuma ya meza. Jerotich hakugeuka. Jambo la ajabu ni kwamba hakumkasirikia Hanif kwa neno lile; alimkasirikia huyu aliyesimama mbele yake, mzuri, mwenye adabu, ambaye mapafu yake yalikuwa safi kama maji. Alimsogelea mpaka akasikia harufu ya udi kwenye nguo zake.

"Najwa, nisikilize vizuri," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ileile ya vitabuni. "Utaolewa, na kila asubuhi mume wako atatoka kwako aje hapa. Atafunga mlango. Atavaa vitu vya masikio, atanisikiliza mpaka jioni. Nitamwambia nakupenda kama anayeamka, na kama anayeagana, na kwa kunong'ona, vile vyote alivyotaka mwenyewe. Wewe utakuwa humo pia. Nikimaliza kusema, wewe utapumua."

Najwa alifungua mdomo, na safari hii hakuna pumzi iliyoingia.

"Binti!" Bi Mboni alipiga kikombe mezani. "Ni adabu gani hiyo?"

Machozi yalijaa machoni pa Najwa, yakamwagika. Jerotich aliyatazama, na, Mungu amsamehe, aliona raha. Ilikuwa raha kali, ya kulewesha. Ikamshika kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha ikaondoka na kumwacha na kifua kilekile. Sasa anajua kulia, aliwaza. Lakini hakulisema.

Alishuka ngazi akavuka ua. Alikuwa ameshafungua lango aliposikia viatu vya Trizah nyuma yake.

"Jero! Utaenda wapi?"

Jerotich aliinua mkono ili aweke begi begani vizuri, na mkono ukashika hewa. Begi lilikuwa ndani, sakafuni, pale alipolitua akiwa bado na mchumba.

"Nikuletee?" Trizah aliuliza.

"Hapana. Nitalichukua mwenyewe."

Pengine alitaka amwone mara moja tu. Pengine, na hili hakuliambia hata nafsi yake, alidhani atamkuta amesimama katikati ya chumba, ameshikilia begi lile kifuani, asijue afanye nini. Watu hupenda vibaya hivyo. Alipita nyuma ya nyumba, mlango wa jikoni, ili asiwaone tena wale wanawake. Koridoni alitembea kwa vidole. Mlango wa studio ulikuwa umerudishwa tu. Akausukuma.

Hanif alikuwa mezani, hedifoni masikioni, mgongo kwake. Hakusikia kitu. Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, kulikuwa na yale mawimbi ya sauti ambayo alikuwa amemfundisha Jerotich kuyasoma jioni nyingi, bega kwa bega: haya marefu ni maneno, haya mafupi yenye manyoya ni pumzi. Safari hii hakukuwa na maneno. Kulikuwa na kwikwi zake, zimepangwa mstari, na katikati ya kila moja na nyingine, ule mluzi wake, mwembamba, wenye manyoya.

Alikuwa anaiondoa miluzi. Alichagua mmoja, akaufuta. Akarudisha nyuma, akasikiliza, akasogea kwa uliofuata, akaufuta.

Alikuwa analia. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, na machozi yalimdondokea kwenye mkono wa shati jipya. Mara moja alijifuta kwa kiwiko ili aone vizuri. Kisha mkono ukarudi kazini. Jerotich alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kumshika shingo, akautazama mkono ule. Angemwita, angegeuka. Alingoja mkono usimame.

Haukusimama.

Aliinama akachukua begi lake. Akatoka kinyumenyume, akaushika mlango kwa mikono yote miwili, akaufunga polepole usitoe mlio, kama alivyozoea kufanya mtu akiwa anafanya kazi ndani.

Trizah alikuwa anamngoja langoni, macho mekundu.

"Umemkuta?" alimuuliza. "Amesema nini?"

Jerotich aliweka begi begani. Kifua kililia mluzi, mrefu, hadharani, na mpita njia mmoja akageuka kumtazama.

"Hajasema kitu," alijibu. "Yuko kazini."